Ujumbe Upitao Hewani, na Jinsi ya Kutafuta Mahali Ulipokwama

Bandari ya Dar es Salaam ni mlango wa nchi nyingi. Meli huingia kwa njia nyembamba ya bahari kati ya Magogoni na Kigamboni, zikileta shehena za Tanzania yenyewe, na za Zambia, na Kongo, na Rwanda, na Burundi, na Malawi, na Uganda. Zamani kila shehena ilikuwa na karatasi zake, na tarishi alizichukua mkononi toka ofisi hata ofisi, zikipigwa mihuri. Siku hizi nyingi katika karatasi hizo zimekuwa maandishi ya kompyuta. Karani huketi ofisini mwake, huandika habari za kontena, hubonyeza mara moja, na habari hizo hufika forodhani kabla yeye hajainuka kitini.

Lakini kazi hii nzuri ina shaka yake. Tarishi akikawia, mtu aweza kumfuata njiani akamwona ameketi wapi. Ujumbe wa kompyuta ukikawia, njia yake haionekani kwa macho. Tena saa haimngoji mtu. Kontena likikaa bandarini kupita siku zilizoruhusiwa, mwenye mali hutozwa ada kila siku. Na dereva aliyekuja toka mbali hulala chini ya lori lake akingojea kibali. Basi, kujua mahali ujumbe ulipokwama si mchezo wa watoto. Ni elimu inayookoa fedha za watu na siku zao.

1. MAKARANI WAWILI

Mfano wake ni huu. Makarani wawili wana ofisi mbili katika jumba moja karibu na bandari. Kila ofisi ina ruta yake, yaani kisanduku kidogo kinachopokea mtandao toka nje na kuugawia kompyuta zilizomo chumbani kwa njia ya hewa. Siku moja, saa tisa ya alasiri, kila mmoja ana maandishi ya kontena ya kupeleka kabla ya jioni. Mara mtandao unakatika katika ofisi zote mbili.

Karani wa kwanza anashikwa na hasira. Anabonyeza kila kitu anachokiona. Anabadili neno la siri la mtandao. Anafuta programu moja akidhani ndiyo yenye makosa. Mwisho anatwaa pini na kuichoma katika tundu dogo lililo nyuma ya ruta, kwa kuwa alimwona fundi mmoja akifanya hivyo. Hajui kwamba tundu lile ni la kufuta yote ruta iliyofundishwa tangu siku ya kwanza. Hata ilipotimia saa kumi na moja, ruta imesahau jina lake na neno lake la siri, na kompyuta zote za ofisi zinaikataa. Alianza na kosa moja; sasa ana makosa matatu, mawili yakiwa ya mkono wake mwenyewe.

Karani wa pili anatwaa kipande cha karatasi. Anachora njia ambayo ujumbe wake hupita, toka mezani pake hata nje ya nchi. Kisha anaanza kuifuata njia hiyo kwa maswali, toka karibu kwenda mbali, wala haruki hata hatua moja. Habari zake zitaelezwa mwisho. Kwanza yafaa kuijua njia yenyewe.

2. NJIA YA UJUMBE

Kupeleka habari mbali si jambo geni katika pwani hii. Katika mwaka wa 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari toka Aden hata Unguja, na katika mwaka wa 1890 waya mwingine uliunganisha Unguja na Bagamoyo na Dar es Salaam. Wakati huo huo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakitafuta njia isiyohitaji waya. Heinrich Hertz, Mjerumani, alionyesha katika miaka ya 1887 na 1888 kwamba umeme waweza kutoa mawimbi yanayosafiri hewani. Guglielmo Marconi, Mwitalia, aliyatumia mawimbi hayo kupeleka alama kuvuka bahari ya Atlantiki tarehe 12 Desemba 1901. Waswahili waliiita kazi hiyo simu ya upepo. Wajerumani walisimamisha mlingoti wa simu hiyo Dar es Salaam. Na vita vilipoanza katika mwaka wa 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliupigia mji mizinga tarehe 8 Agosti kwa ajili ya mlingoti huo. Hata siku zile watu walijua ya kuwa kukata njia ya habari ni kumfunga adui kinywa.

Mtandao wa waifai ni mtoto wa simu ya upepo. Kanuni zake za kwanza zilitolewa katika mwaka wa 1997, na jina lake likatungwa katika mwaka wa 1999. Ndani ya kompyuta mna redio ndogo, na ndani ya ruta mna redio nyingine, nazo huzungumza kwa mawimbi. Mawimbi ya namna moja hutikisika mara bilioni 2.4 kwa sekunde, na urefu wa wimbi moja ni sentimita 12 na nusu. Namna ya pili hutikisika mara bilioni 5 na zaidi, na wimbi lake ni fupi, kama sentimita 6 tu.

Lakini hapa watu wengi hukosea. Wanadhani ujumbe wote husafiri hewani hata ufike Ulaya. Sivyo. Hewa ni hatua chache za mwanzo tu, toka kompyuta hata ruta. Toka ruta, ujumbe huingia katika waya, au hurushwa kwenye mnara wa kampuni ya simu. Toka hapo hufika katika mitambo ya kampuni. Kisha hushika mkongo, yaani waya wenye nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, ambao ndani yake habari hupita kwa mwanga. Na ukitakiwa kwenda ng'ambo, hushuka baharini katika mkongo mwingine uliolazwa chini ya maji.

Basi njia hii ni kama safari ya mtu atokaye Kariakoo kwenda Mbeya. Kwanza hutembea kwa miguu hata kituoni. Kisha hupanda daladala hata stendi kuu. Kisha hupanda basi. Asipofika Mbeya, ndugu zake hawawezi kusema tu kwamba safari ni mbaya. Yawapasa waulize: je, alifika kituoni? Je, alifika stendi? Je, basi liliondoka? Hivyo ndivyo inavyotafutwa hitilafu ya mtandao.

3. SWALI LA KWANZA

Swali la kwanza ni fupi, tena ndilo lenye faida kuliko yote: Je, ni chombo hiki peke yake, au ni vyote?

Mtu asiguse kitu kabla ya kulijibu. Atazame simu ya mkononi ya mwenzake iliyoungwa katika ruta ile ile. Ikiwa simu ile inapata mtandao na kompyuta haipati, basi ruta ni nzima, na njia ya nje ni nzima. Kosa limo ndani ya kompyuta. Ikiwa vyombo vyote havipati, basi kompyuta haina hatia, na kuifungua ni kumpiga asiyekosa. Kwa swali hili moja nusu ya njia huondolewa katika mashaka, na kazi hubaki nusu.

4. KOSA LIKIWA KATIKA KOMPYUTA MOJA

Sababu za kwanza ni ndogo, hata mtu huona haya kuzitaja. Lakini ndizo zinazotokea mara nyingi.

Kwanza, yamkini redio ya kompyuta imezimwa. Kompyuta nyingi za kufunguliwa na kufungwa zina kitufe chenye picha ya ndege. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, kompyuta huingia katika hali ya ndegeni, ikanyamaza kabisa. Ikiwa hakuna jina la mtandao hata mmoja linaloonekana, na Kariakoo majina hayo huonekana kwa makumi, basi redio imelala.

Pili, neno la siri limekosewa. Herufi kubwa na herufi ndogo si kitu kimoja, na sifuri si herufi O. Mara nyingine mwenye ruta amebadili neno la siri, na kompyuta ingali ikilitumia neno la zamani. Dawa yake ni kuiagiza kompyuta isahau mtandao ule, kisha kuunganishwa upya kwa neno jipya.

Tatu, kompyuta haikupewa anwani. Kila chombo kinachojiunga na ruta hupewa namba, kama nyumba inavyopewa namba mtaani, ili majibu yajue pa kurudi. Katika ruta nyingi za nyumbani namba hizo huanza na 192.168. Ikiwa kompyuta inaonyesha namba inayoanza na 169.254, maana yake iliomba anwani, haikujibiwa, ikajitungia yake yenyewe. Nayo haifai kwa safari ya nje. Aghalabu kuizima redio na kuiwasha tena hutosha, maana kompyuta huomba upya. Lakini ruta ina hesabu ya namba za kugawa. Vyombo vikiwa vingi mno, anayekuja mwisho hubaki mlangoni.

Nne, saa na tarehe ya kompyuta ni ya uongo. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka mwingine. Basi mitandao yenye ulinzi huikataa, kwa kuwa hati za ulinzi zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mtu husema mtandao umekatika, kumbe kalenda imepotea.

Tano, programu inayoiendesha redio, iitwayo kiendeshi, imeharibika, labda baada ya kompyuta kupokea programu mpya. Hapo yafaa kukirudisha kiendeshi cha kwanza au kukiweka upya. Kazi hii ije mwisho baada ya zile nne, si mwanzo.

5. KOSA LIKIWA KATIKA RUTA

Ikiwa vyombo vyote vimenyamaza, mtu huenda kwenye ruta. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na hapa maneno hayo ni kweli kama yalivyo, maana plagi nyingi zimo chini ya meza, pamoja na ndoo na fagio. Mfagizi aweza kuipiga plagi bila kujua. Kwa hiyo kwanza itazamwe taa ya umeme ya ruta. Isipowaka, ichunguzwe plagi, kisha soketi, kisha umeme wenyewe wa nyumba.

Taa ikiwa inawaka, zitazamwe taa nyingine. Rangi zake hutofautiana kwa kila namna ya ruta, lakini aghalabu moja huonyesha redio ya chumbani, na nyingine huonyesha njia ya nje. Ikiwa taa ya redio inawaka na taa ya nje haiwaki, au imekuwa nyekundu, basi ujumbe unafika kwenye ruta, lakini hauna pa kutokea.

Hapo yafaa kuizima ruta, kungoja nusu dakika, kuiwasha, na kungoja tena dakika 3 au 4. Watu hucheka wakisikia dawa hii, lakini ina sababu yake. Ruta ni kompyuta ndogo. Huandika kumbukumbu za kila chombo na kila mazungumzo. Ikikaa siku nyingi bila kupumzika, kumbukumbu zake zaweza kuvurugika. Ikizimwa, husahau vurugu zile, ikaanza kazi kwa karatasi safi, lakini haisahau jina lake wala neno lake la siri. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuizima na kuichoma pini.

Tena ruta isifunikwe kwa kitambaa wala isifungiwe kabatini. Joto la Dar es Salaam latosha bila kuongezwa.

Mwisho, mtu ajiulize kama mtandao umelipiwa. Bando likiisha, ruta huwaka, redio yake husikika, na kompyuta husema imeungwa. Lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Hii ni kama kusimama kituoni bila nauli: kituo kipo, basi lipo, ila safari haipo.

6. KUTA NA MAKELELE YA KARIAKOO

Mara nyingine mtandao haukukatika, ila ni dhaifu. Huja na kutoweka. Hapo sababu huwa mbili: kuta, au makelele.

Mawimbi ya redio hupungua nguvu kadiri yanavyokwenda mbali. Mahali pa wazi, umbali ukizidi mara mbili, nguvu hubaki robo. Na yakikuta kizuizi hupungua zaidi. Ubao mwembamba huyazuia kidogo. Tofali huyazuia zaidi. Zege lenye nondo huyazuia sana. Na bati na kioo cha kujitazamia huyarudisha yalikotoka. Maji nayo huyanywa mawimbi. Kwa hiyo hata watu wengi wakijaa chumbani ni kizuizi, maana sehemu kubwa ya mwili wa mtu ni maji. Mawimbi mafupi huchoka ukutani upesi kuliko yale marefu, kama filimbi nyembamba inavyopotea pale ngoma nene inapoendelea kusikika. Lakini mawimbi mafupi hubeba habari nyingi zaidi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo aliye chumba kimoja na ruta achague mtandao wa 5. Aliye nyuma ya ukuta achague ule wa 2.4.

Ama makelele, hakuna mahali pa kuyafahamu vizuri kuliko Kariakoo. Mtaa huu ulipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Kiingereza katika vita vya 1914 hata 1918, na leo umekuwa soko kubwa lenye majumba marefu yaliyobanana, na kila jumba lina maduka, na maduka mengi yana ruta. Mtu apitaye Mtaa wa Kongo husikia wauzaji mia wakiita kwa pamoja: huyu viatu, huyu kanga, huyu sufuria. Kila sauti ina nguvu, lakini mnunuzi hasikii neno. Ruta nazo huwa vivyo hivyo. Zikisema zote katika chaneli moja, kila moja hulazimika kungoja wenzake wanyamaze, na mazungumzo hukawia.

Mawimbi ya 2.4 yana chaneli 13 katika nchi nyingi, lakini zimepandana kama vigae vya paa. Zisizogusana ni tatu tu, nazo ni ya 1, na ya 6, na ya 11. Basi mwenye duka aweza kupima ni chaneli ipi yenye makelele machache, akaihamishia ruta yake huko. Mawimbi ya 5 yana chaneli nyingi zaidi, tena hayapenyi kuta sana. Kwa hiyo makelele ya jirani hayafiki kwa nguvu. Udhaifu wake umekuwa ulinzi.

Njia rahisi ya kutambua ni hii. Mtu aichukue kompyuta, akae hatua 3 toka ruta. Mtandao ukipona hapo, tatizo lilikuwa ukuta au umbali, na dawa ni kuihamisha ruta iwe juu na katikati. Usipopona, na ikiwa ni mchana tu inasumbua bali usiku maduka yakifungwa hutulia, tatizo ni makelele.

7. MASWALI MANNE YA KOMPYUTA

Iko njia moja ambayo mafundi huipenda, kwa sababu huipima safari kipande kwa kipande. Katika kompyuta nyingi mna dirisha la kuandikia amri. Amri yenyewe ni neno fupi, ping. Kazi yake ni kupeleka kipande kidogo cha habari mahali fulani, kungoja kirudi, na kuhesabu muda wake. Ni kama mtu apigaye ukelele mbele ya mwamba akasikiliza mwangwi.

Fundi huandika ping na namba 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta yenyewe ikijiita. Isipojijibu, kosa limo katika programu zake. Kisha huandika namba ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1. Isipojibu, kosa limo hewani, kati ya kompyuta na ruta. Kisha huandika namba ya mbali, kama 8.8.8.8, iliyo ya mashine za kampuni ya Google. Isipojibu, na ruta ilijibu, kosa liko nje ya ruta. Mwisho huandika jina la mahali badala ya namba.

Ikiwa namba inajibu na jina halijibu, hapo pana jambo la kuelewa. Kompyuta hazijui majina, hujua namba. Kuna mashine zenye daftari la majina na namba zake, nazo hufanya kazi kama mjumbe wa mtaa, ambaye mgeni akitaja jina la mtu huonyeshwa nyumba. Mjumbe akiwa hayupo, nyumba zipo na watu wamo, ila mgeni hawezi kufika. Dawa yake ni kuielekeza kompyuta kwa mashine nyingine yenye daftari hilo.

Yafaa kukumbuka kwamba mashine nyingine zimeamriwa zisijibu ping kwa ajili ya ulinzi. Kwa hiyo ukimya wa mmoja si ushahidi wa kutosha. Waulizwe wawili au watatu.

8. NJIA IKIKATIKA BAHARINI

Kabla ya mwaka wa 2009 nchi za Afrika Mashariki zilipata intaneti hasa kwa setilaiti, kwa gharama kubwa. Katika mwezi wa Julai 2009 mkongo wa baharini uitwao SEACOM ulianza kazi, ukafika Dar es Salaam. Na katika mwaka wa 2010 ukafuata mwingine uitwao EASSy. Mtandao ukawa wa kasi, na bei ikashuka.

Lakini tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania na nchi jirani zikaathirika vibaya. Ruta zilikuwa zinawaka, neno la siri lilikuwa sahihi, mabando yalikuwa yamelipiwa; na bado kurasa hazikufunguka, au zilifunguka kwa taabu. Siku kama hiyo mtu asiyeijua njia huweza kuivunja kompyuta nzima kwa kutafuta kosa lililo zaidi ya maili elfu toka mezani pake. Aliyeijua njia huiuliza simu yake ya kampuni nyingine, huona nayo inasumbuka, husikiliza habari, kisha huacha vyombo vyake kama vilivyo na kutafuta njia nyingine ya kufanya kazi yake.

Ajabu ni kwamba hata mafundi wa mikongo hutumia akili ile ile. Hupeleka mwanga katika uzi wa kioo toka ufukoni, na baadhi ya mwanga hurudi. Mwanga ndani ya kioo husafiri kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Ukirudi baada ya sehemu moja katika elfu ya sekunde, umekwenda na kurudi kilometa 200. Basi mahali palipokatika ni kilometa 100 toka pwani. Kisha meli hutumwa mahali pale, huuvua mkongo kwa nanga yenye makucha, na mafundi huuunga uzi kwa uzi. Hawaendi kupekua bahari nzima. Kwanza hupima, ndipo huenda.

9. KARANI WA PILI

Basi, karani wa pili alifanyaje? Aliitazama simu ya mwenzake: nayo haikupata mtandao. Akajua kompyuta haina kosa. Akainama mvunguni: plagi imekaa vizuri. Akatazama taa: zote zinawaka. Akaizima ruta, akaiwasha, akangoja: hakuna badiliko. Kila alichokifanya alikiandika katika karatasi yake. Akabakiwa na swali moja, akakumbuka ya kuwa yeye na jirani yake walinunua mabando ya mwezi siku moja. Akatazama tarehe. Bando lilikuwa limekwisha saa tisa ile. Akalipa kwa simu, na mtandao ukarudi kabla ya saa kumi. Maandishi yakaenda, na dereva wa Zambia akapata kibali chake.

Kisha akaenda kwa jirani yake kumwambia. Lakini jirani hata alipolipa, mtandao haukurudi, kwa sababu ruta yake ilikuwa imesahau kila kitu. Ilimbidi amngoje fundi hata kesho yake, na kontena lake likalala bandarini siku moja zaidi.

Tofauti ya watu hawa si elimu ya mashine, maana wote wawili hawakuwa mafundi. Tofauti ni utaratibu. Mmoja alibadili mambo mengi kwa pamoja, hata asingeweza kujua lipi limeponya na lipi limeharibu. Mwingine alibadili jambo moja, akatazama, akaandika, ndipo akaenda kwa la pili. Naye atafutaye ugonjwa wa mtu, au tundu la bomba, au kosa la hesabu, hana njia nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

MASWALI

1. Kwa nini karani wa kwanza alikuwa na makosa matatu jioni, naye alianza na moja?
2. Taja vipande vya njia ya ujumbe toka kompyuta hata ng'ambo. Ni kipande kipi kipitacho hewani?
3. Swali la kwanza ni lipi, na faida yake ni nini?
4. Namba inayoanza na 169.254 yaonyesha nini?
5. Eleza tofauti kati ya kuizima ruta na kuichoma pini katika tundu lake.
6. Kwa nini mawimbi ya 5 yafaa chumbani, na ya 2.4 yafaa nyuma ya ukuta?
7. Mwanga ukirudi toka katika mkongo baada ya sehemu 3 katika elfu za sekunde, mahali palipokatika ni kilometa ngapi toka pwani?
8. Chora njia ya maji toka bomba la shule yenu hata chanzo chake. Siku maji yakikosekana, utaanza kuuliza wapi?